Wiki nzima ya herufi m

Herufi moja inatosha wiki nzima ya darasa la kwanza, na mwalimu anayeipa muda huo hajachelewa. Tuchukue m. Watoto wameshazijua irabu tano, sasa wanaingia kwenye konsonanti. Mtaala wa 2015 wa Tanzania uliifanya KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kuwa kiini cha madarasa mawili ya mwanzo, na katika kusoma mtoto huanza na sauti ya herufi, si jina lake.

Sababu huonekana Jumatatu ile ile. Mtoto aliyefundishwa "em" nyumbani, akikuta m na a pamoja husoma "ema". Hana kosa, ameunganisha alichopewa. Mwenzake aliyezoea kufumba midomo na kuvuta "mmm" puani, akifungua mdomo kwenye a, anaipata "ma" bila kuambiwa. Ndiyo maana m yafaa kutangulia: sauti yake inavutika. Ya b hukatika papo hapo, mwalimu huiongezea irabu ili isikike, na mtoto huishia kusoma "bu-a".

Jumanne ni silabi: kidole hewani kwanza, penseli baadaye, na darasa zima linaimba ma, me, mi, mo, mu. Naupenda wimbo huo, lakini mtoto anaweza kuuimba wote macho yakiwa dirishani. Mwalimu aonyeshe mu kwanza, kisha mi, kisha ma. Sauti hupungua ghafla. Wachache wanaoendelea kuitikia ndio wanaosoma, wengine wamekariri. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 uandikishaji ulipanda sana, na katika darasa lililofurika ni rahisi mno mtoto kujificha nyuma ya sauti za wenzake.

Siku ninayoithamini kuliko zote ni Jumatano, siku ya maneno. Kwa m na irabu peke yake tayari tuna mama, mimi, uma, maua, umeme. Tuna hata sentensi kamili: Mama ameumia. Mwalimu aiandike ubaoni, asiisome, asubiri. Utaona midomo ikitembea: a… me… u… mi… a. Kisha mtoto mmoja anauliza, "Mwalimu, ameumia wapi?" Huyo ameshavuka. Amechota maana kwenye maandishi kwa nguvu zake mwenyewe. Mwalimu mwenye haraka humwambia anyamaze aendelee kusoma. Tafadhali, asinyamazishwe. Aulizwe yeye anadhani ni wapi, na wenzake wachangie.

Maneno kama mto na mtoto yasubiri. Humo m ni silabi peke yake, haina irabu, na mtoto aliyetoka kujifunza mu atasoma "muto".

Katika KKK hiyo hiyo, kuhesabu nako kuna mtego wake. Mtoto akisikia kumi na tano huandika 105: kumi, halafu tano, kama alivyosikia. Alama ya kosa haimsaidii. Mpe vijiti, ahesabu kumi na kuvifunga kwa uzi, vitano aviweke kando, aone kwamba ile 1 ya kwenye 15 ndiyo fungu lake la kumi.

Ijumaa kila mtoto asikike peke yake, japo kwa silabi tatu. Kipindi cha dakika 30 hakiwatoshi wote, kwa hiyo mwalimu huwaita wachache wachache mezani huku wengine wakiandika.

Nawe mzazi, jioni hiyo usimwombe akuimbie. Andika mo, ma, mi kwenye karatasi au hata mchangani, umwonyeshe bila mpangilio. Akikwama usimtajie jibu, mwambie avute sauti ya kwanza. Zikimshinda zote, mwone mwalimu Jumatatu asubuhi, kabla darasa halijahamia kwenye n.