Bonasi ya Usalama Inanunua Nini?

Mkandarasi anayetaka kupunguza ajali saiti huwa na dawa moja ya haraka: mwezi ukiisha bila mtu kuumia, kila kibarua apate bahasha, au gengi zima lichinjiwe mbuzi. Nia ni njema. Lakini ajali haijiandiki daftarini; lazima aliyeumia aseme. Fundi aliyekanyaga msumari tarehe 28 anajua kwamba akifungua mdomo, wenzake wote wamekosa mbuzi. Anafunga kitambaa, anaendelea kupiga plasta. Nyapara, ambaye bonasi yake ndiyo nono kuliko zote, hatamsukuma aende zahanati.

Marekani jambo hili lilifika mahakamani. Shirika la umeme la serikali, Tennessee Valley Authority, liliipa kampuni ya Shaw Group kazi za ujenzi na matengenezo kwenye vituo vyake vya nyuklia vya Browns Ferry, Sequoyah na Watts Bar, na mkataba ukaahidi bonasi kwa rekodi nzuri ya usalama. Kati ya 2004 na 2006 majeraha zaidi ya 80 yaliandikwa kwa uongo au hayakuandikwa kabisa, yakiwamo ya mifupa iliyovunjika na kano zilizochanika. Bonasi ya dola milioni 2.5 ikalipwa. Baadaye kampuni ililipa serikali dola milioni 6.2, na mwaka 2013 meneja wake wa usalama akafungwa miezi 78.

Hata bila udanganyifu, daftari safi halisemi mengi. Gengi la watu 20 linaweza kufanya kazi miezi kadhaa juu ya jukwaa bovu bila mtu kuanguka. Bahati hiyo ikilipwa, jukwaa linabaki vilevile.

Kwa kuhofia majeraha kufichwa hivyo, OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu bonasi za aina hii mwaka 2012, ikatunga kanuni mwaka 2016, kisha Oktoba 2018 ikafafanua kwamba tuzo hazijapigwa marufuku. Kumtuza anayeripoti hatari kunaruhusiwa. Tuzo ya kutokuwa na majeruhi nayo yaruhusiwa, ila mwajiri ahakikishe wafanyakazi hawaogopi kuripoti.

Basi kinachofaa kulipiwa ni kile mtu anachokiona kabla damu haijamwagika: shimo la lifti lisilo na kizuizi, waya uliochubuka, tofali lililomkosa mtu kidogo tu. Kiasi kiwe kidogo, kitolewe siku hiyohiyo, na kasoro irekebishwe watu wakiona. Shimo lililoripotiwa Jumatatu likiwa bado wazi Alhamisi, tuzo imegeuka mzaha. Wapo watakaoleta ripoti za ovyo ili wapate chochote. Hasara hiyo naiona ndogo mno kuitilia maanani.

Kwa saiti za Dar es Salaam au Nairobi kuna kikwazo kingine, nacho kwangu ni kizito zaidi. Kibarua wa kutwa akiumia, kesho hana ujira, na keshokutwa nafasi yake ina mtu mwingine. Huyu atanyamaza hata kusiwe na bonasi yoyote. Anayetaka kusikia ukweli kutoka kwake aanze kwa kumlipa siku za kuuguza jeraha na kumwekea kazi yake, ndipo azungumzie zawadi. Na bonasi ya nyapara ihesabiwe kwa kasoro zilizorekebishwa, si kwa majeruhi wasioonekana daftarini.