CHUMVI NA MKONO WA MCHANGANYAJI

Wako watu wengi, na miongoni mwao wamo waliosoma, wanaodhani kwamba chumvi iliyotiwa madini joto ni kitu kimoja. Wakiona chembe zote nyeupe na zinafanana, huridhika. Lakini elimu ya kemia yafundisha vingine, na jambo hili lamhusu mfanyakazi wa shamba la chumvi kama limhusuvyo mama mjamzito.

Chumvi yenyewe imetokana na elementi mbili, yaani vitu visivyoweza kugawanywa kwa njia ya kemia vikawa vitu vingine. Ya kwanza ni sodiamu, metali laini inayokatika kwa kisu, nayo ikitupwa majini hulipuka. Ya pili ni klorini, gesi ya sumu iliyotumiwa kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Vitu hivyo viwili vya hatari vikiungana huzaa cha tatu kisichofanana na mzazi hata mmoja, nasi twakitia katika mchuzi! Kitu cha namna hiyo huitwa kampaundi, na kipimo chake hakibadiliki. Katika gramu 100 za chumvi safi, sodiamu ni kama gramu 39 na klorini gramu 61, iwe imetoka Uvinza, Bagamoyo au ng'ambo. Hakuna tajiri awezaye kukipunja kipimo hicho.

Maji ya bahari ni habari nyingine. Hayo ni mchanganyiko: kilo moja huwa na kama gramu 35 za chumvi za namna mbalimbali, lakini hupungua karibu na midomo ya mito na kuzidi penye jua kali. Kwa kuwa vitu hivyo vimekaa pamoja tu, jua latosha kuvitenga na maji. Katika mashamba ya chumvi hutuama kwanza jasi, kisha chumvi ya kula, na maji machungu yenye magnesiamu humwagwa kabla hayajaharibu ladha. Jua hilo hilo, hata likiwaka mwaka mzima, haliwezi kuitenga sodiamu na klorini. Kazi hiyo yataka nguvu za umeme.

Sasa tuyatazame madini joto. Yakikosekana mwilini huleta rovu shingoni, na, vibaya zaidi, hudhoofisha ubongo wa mtoto angali tumboni. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1990, sheria za Tanzania zimetaka chumvi ya kula itiwe madini hayo. Hunyunyizwa yakiwa kampaundi ya iodini, potasiamu na oksijeni, lakini hayaungani na chumvi. Ni mchanganyiko, na mchanganyiko hauna kipimo ila kile unachopewa na mkono wa mchanganyaji. Mwenye pampu akifanya haraka, mfuko mmoja hupata na mwingine hukosa. Chumvi yenye chini ya miligramu 15 za iodini kwa kilo huhesabiwa kuwa haitoshi, na kiasi kidogo hivyo jicho haliwezi kukiona. Tena gunia likiachwa penye unyevu, maji huyahamisha madini joto yakashuka chini.

Iko dawa ya kupimia, nayo haina gharama kubwa. Tone lake likidondoshwa juu ya chumvi yenye madini joto, chumvi hugeuka buluu papo hapo. Palipokosekana madini joto, hubaki nyeupe vile vile.