Mlima wa Eldoret wasingiziwa, kumbe ni regulata

Nilikuwa nikipanda Eldoret kwenye harusi ya mpwa wangu na Corolla yangu ya miaka ya tisini. Kabla ya Nakuru likaanza moshi mweusi. Tulipopita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, harufu ya petroli ilikuwa imejaa hadi ndani. Asubuhi yake gari likagoma kuwaka. Nikalizungusha weee, mpaka betri ikachoka.

Kila niliyemuuliza alinijibu, "Wewe watoka pwani, huku hewa ni nyepesi." Kweli Eldoret iko mita 2,100 hivi, na gari la kabureta hulemewa huko kwa sababu hewa imepungua na petroli ni ile ile. Lakini gari la injekta hupima hewa, likapunguza petroli lenyewe. Fundi wa kwanza naye akataka ninunue pampu mpya.

Wa pili alichomoa kimpira chembamba kinachounganisha regulata ya petroli na manifoldi. Kilikuwa kimelowa petroli. "Mzee, shida ndiyo hii."

Regulata ni kikopo cha chuma kwenye bomba linalolisha injekta. Ndani mna utando na springi: hushikilia presha, na petroli iliyozidi huirudisha tangini. Utando ukitoboka, injini hufyonza petroli kupitia kile kimpira. Plagi hujaa masizi, na baya zaidi, petroli huteremka kwenye oili. Nilipochomoa kijiti cha oili na kukinusa, nilishtuka. Oili iliyochanganyika na petroli hailindi vyuma, nami nilikuwa na karibu kilomita 800 za kurudi Mombasa.

Kimpira kikiwa kikavu, usiitoe lawama regulata bado. Omba fundi afunge geji. Magari mengi ya aina hii husoma bar 2.5 hadi 3 kimpira kikiwa kimechomolewa. Ukikirudisha injini ikiwaka, presha hushuka kidogo. Ikiwa juu mno, kagua pia bomba la kurudisha petroli tangini, maana likiziba dalili ni zile zile. Ikiwa chini, anza na chujio. (Magari mengi mapya regulata yao imo ndani ya tangi pamoja na pampu, na kimpira hicho hawana.)

Kuifungua si mchezo, petroli imo kwa presha. Fundi alichomoa fyuzi ya pampu, akaacha injini izime yenyewe, akatoa waya wa betri, na sigara akaifukuza gereji nzima. Akafunga regulata mpya na oringi mpya; ile kuukuu ikirudishwa huvuja, na hapo injini ni ya moto. Tukamwaga oili yote, tukaweka mpya pamoja na chujio lake.

Tangu hapo, kila nikifanya sevisi nachomoa kile kimpira nakinusa. Dakika mbili. Na pampu niliyoambiwa imekufa ndiyo iliyonirudisha hadi Likoni.