Upote Uchakaapo, Shabaha Hupotea

Katika mwaka wa 1974 wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na mji wa Xi'an, nchini China, walifukua vipande vya sanamu za udongo, na kumbe walikuwa wamesimama juu ya jeshi zima lililozikwa ili kumlinda Mfalme Qin Shi Huang, aliyefariki zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Miongoni mwa silaha zilizotolewa humo ni vifyatulio vya nyuta za mtambo, vilivyotengenezwa kwa shaba nyeusi na kwa ustadi wa kustaajabisha. Walakini mbao za nyuta hizo zilikwisha kuoza, na nyuzi zilizokuwa zikizikaza zilikwisha kutoweka. Hivyo ndivyo ilivyo silaha hii tangu asili yake: ina kiungo kimoja kinachotangulia kufa, nacho ndicho hicho kinachousukuma mshale.

Uta wa mtambo ni uta uliolazwa juu ya gogo la mti mfano wa tako la bunduki. Upote, yaani ule uzi wa uta, huvutwa nyuma mpaka ukashikwa na jino, mshale mfupi ukalazwa katika mfereji mbele yake, na mlengaji akabaki hana kazi ila kuelekeza na kufyatua. Apigaye kwa uta wa mkono hugusa upote kwa vidole vyake kila mara, naye, aghalabu pasipo kujijua, husikia ulegevu wake na kuusahihisha. Ilhali mwenye uta wa mtambo amevikabidhi vidole vyake kwa jino la chuma, na jino halina hisia. Ndiyo maana mishale ianzapo kupotoka, yeye hulaumu macho yake, kisha upepo, kisha darubini ya kulengea, na upote ukawa wa mwisho kushtakiwa, hali ulistahili kuwa wa kwanza.

Upote huchakaa kwa njia tatu. Kwanza hurefuka, kwa kuwa kila unapokazwa na kuachiwa nyuzi zake hunyooka kidogo zisirudi kamili, na kwa hiyo mahali unapopumzika husogea, umbali wa kuusukuma mshale hubadilika, na katika nyuta za kisasa zenye magurudumu, gurudumu moja huweza kutangulia jingine, nguvu ikapungua na mizani ikaharibika. Pili hukwaruzwa, maana hauendi hewani kama upote wa uta wa mkono, bali hujisugua juu ya gogo. Kwa sababu hiyo mafundi huuzonga kwa uzi mwingine katikati yake uwe kinga, na kinga hiyo ilikapo, upote huwa mwembamba, hucheza ndani ya jino, wala haukai sawasawa nyuma ya mshale. Tatu, kinga ikilegea na kuhama, alama inayoonyesha katikati ya upote hudanganya: upote hukazwa umeelemea upande, mkono mmoja wa uta ukavuta kuliko mwenziwe, na mshale ukaenda kando.

Huenda msomaji akadhani kuwa tofauti ndogo namna hiyo haina athari. Na tuifanyie hesabu. Tuseme mshale huondoka kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde, kisha hitilafu ya upote ikaipunguza kasi hiyo hadi mita 95. Tukiacha ukinzani wa hewa, shabaha ikiwa mita 20, mshale utapiga chini ya pale pa kawaida kwa sentimita 2 hivi, jambo ambalo wengi hawatalitambua. Lakini shabaha ikiwa mita 40, kosa hilo halitakuwa maradufu, bali mara nne, sentimita 8 na zaidi. Hata hivyo, kosa lisilobadilika si adui mkubwa, kwani huweza kusahihishwa. Adui ni upote unaokatika uzi mmoja leo na mwingine kesho, hata mishale miwili iliyolengwa mahali pamoja isikutane.

Historia nayo ina ushahidi wake. Tarehe 26 Agosti 1346, huko Crécy katika Ufaransa, askari wa Genoa waliokodiwa na Mfalme Philip wa Sita wa nchi hiyo walishindwa na wapiga nyuta wa Kiingereza baada ya mvua kunyesha, na mtawa Jean de Venette aliandika kuwa nyuta zao za mtambo ziliharibiwa na maji. Waingereza waliweza kuvua upote na kuuficha usilowe, bali uta wa mtambo, kwa ugumu wake, hauvuliwi kwa mkono mtupu katikati ya vita. Wanahistoria hutaja pia uchovu wa safari, na ngao kubwa zilizoachwa nyuma pamoja na mizigo. Basi si haki kuutwika upote dhambi yote.

Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kukaza, upote utazamwe na kupapaswa: ukiota manyoya au ukikauka, upakwe nta, isipokuwa kwenye ile kinga; kinga ikifumuka, izongwe upya; uzi wowote ukikatika, upote wote ubadilishwe, kwa kuwa ukikatika wakati umekazwa, nguvu isiyopata mshale wa kuubeba huurudia uta wenyewe, ikaweza kuuvunja na kumjeruhi aliyeushika. Aidha, upote mpya upigwe mishale kadhaa ili utulie, ndipo darubini irekebishwe. Lakini mtu anayerekebisha darubini kila siku ili kuufuata upote unaozeeka ni kama mwashi apimaye nyumba kwa kamba inayorefuka: ataijenga, ila hakuna chumba kitakacholingana na kingine.