Monasteri na Kiti cha Ufalme: Funzo la St Albans

Tunapojadili mfumo wa kikabaila wa Ulaya, aghalabu tunawataja mfalme, mabwana wenye ngome na farasi wa vita, na wakulima watwana waliowalimia. Yuko kabaila mmoja ambaye husahauliwa kwa sababu mkononi hakushika upanga bali kitabu cha sala: monasteri. Makala haya yanakusudia kueleza nafasi ya monasteri katika dola ya kikabaila ya Uingereza, na kwa nini wafalme walizilea kwa karne nyingi, kisha mfalme mmoja akazivunja kwa miaka michache. Mfano wetu ni monasteri ya St Albans, kaskazini ya London.

JUMUIYA YA NANI?

Watawa wa St Albans walifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6. Kanuni hiyo ilimkataza mtawa kumiliki mali ya binafsi, hata kalamu. Vitu vyote vilikuwa vya wote, kila mmoja akapewa kwa kadiri ya mahitaji yake. Kazi ya mikono ilihesabiwa kuwa wajibu wa kila mtawa.

Msomaji mwenye haraka atasema: basi huu ulikuwa ujamaa. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Hatuwezi kuujua mfumo kwa kutazama jinsi watu wanavyogawana chakula mezani. Lazima kwanza tuulize chakula hicho kimetoka wapi, nani amekilima, na ardhi ni ya nani.

Tukiuliza hivyo, picha inabadilika. Wafalme na makabaila walitoa ardhi kwa monasteri ili watawa wawaombee, na ardhi hiyo ilitolewa pamoja na wakulima waliokuwa juu yake. Katika hesabu kuu ya ardhi iliyofanywa Uingereza mwaka 1086, Kanisa kwa jumla lilishika karibu robo ya thamani ya ardhi ya nchi. Mtwana wa monasteri alilima shamba la abate kwa siku alizopangiwa bila malipo. Alipomwoza binti yake alilipa ada, na alipofariki mnyama wake bora alichukuliwa. Watawa walikuwa wajamaa wao kwa wao. Kwa mkulima walikuwa kabaila mmoja mwenye vichwa vingi. Tena kabaila huyo hakufa wala hakugawa urithi, kwa hiyo mali yake ilizidi kuongezeka.

MKATABA WA MFALME NA ABATE

Uhusiano wa monasteri na ufalme ulikuwa wa kupeana. Mfalme alitoa ardhi, hati za kinga na mamlaka ya kuendesha mahakama. Monasteri nayo ililipa kwa njia tatu.

Kwanza, ilitoa askari. Baada ya uvamizi wa mwaka 1066, monasteri kubwa zilitakiwa kumpatia mfalme wapiganaji wa farasi: Peterborough 60, St Albans 6. Pili, ilitoa fedha. Abate alipofariki, mapato ya mashamba yake yaliingia katika hazina ya mfalme mpaka abate mpya athibitishwe, na uchaguzi wenyewe haukufanyika bila idhini ya mfalme. Tatu, na hili ndilo kubwa, ilitoa uhalali. William aliyeiteka Uingereza kwa upanga alivikwa taji katika monasteri ya Westminster siku ya Krismasi, 1066. Watawa waliandika historia ya wafalme na kuzika maiti zao, na waliwafundisha watu kwamba utii kwa mtawala ni utii kwa Mungu. Maabate wakubwa waliitwa hata Bungeni, wakaketi pamoja na makabaila wengine.

MAWE YA KUSAGIA

Ukabaila haukukaa juu ya mashamba tu. Watu wa St Albans walilazimishwa kusaga nafaka zao katika vinu vya abate na kuacha sehemu ya unga kama ushuru. Wengi walikataa, wakasaga nyumbani kwa mawe ya mkono. Mwaka 1327 wakazi waliizingira monasteri wakadai haki za mji huru. Miaka michache baadaye abate Richard of Wallingford aliwashinda. Mawe yao yalinyang'anywa, yakatandikwa kuwa sakafu ya ukumbi wa monasteri. Abate huyo huyo alikuwa bingwa wa hisabati na mbuni wa saa ya ajabu ya kuonyesha mwendo wa nyota. Elimu yake haikumzuia kukanyaga riziki ya watu.

Mwezi Juni 1381 wakulima wa Uingereza waliasi. Wakazi wa St Albans, wakiongozwa na William Grindcobbe, walimlazimisha abate Thomas de la Mare awape hati ya haki zao. Kisha waliingia ukumbini, wakang'oa mawe, wakayavunja na kugawana vipande, kama waumini wanavyogawana mkate uliobarikiwa. Watu hao walijua vizuri walichokuwa wanakivunja.

Ndipo mkataba wa mfalme na abate ulipoonekana waziwazi. Mfalme Richard II, kijana wa miaka 14 aliyekuwa ameahidi mwezi huo huo kuufuta utwana, alizitangua ahadi zake, akafika St Albans mwezi Julai na Jaji Mkuu wake, Robert Tresilian. Grindcobbe aliachiwa kwa dhamana ili awashawishi wenzake warudishe hati. Yeye akawahimiza wasirudi nyuma kwa ajili ya kuokoa maisha yake. Alinyongwa pamoja na wenzake. John Ball, padre aliyehubiri usawa, aliuawa mjini humo humo tarehe 15 Julai. Tukumbuke pia kwamba habari hizi tumezipata hasa kwa kalamu ya Thomas Walsingham, mtawa wa St Albans aliyewachukia waasi. Anayesoma historia lazima aulize ni nani aliyeshika kalamu.

MLEZI ANAMLA MWANAWE

Katika karne ya 16 dola ya kifalme ilikuwa imepata nguvu mpya, na tabaka la wafanyabiashara na wenye mashamba lilikuwa linakua. Mwaka 1534 Henry VIII alijitangaza mkuu wa Kanisa la Uingereza. Mwaka 1535 makamishna wake walihesabu mapato ya Kanisa. Kuanzia 1536 hadi 1540 monasteri zote, zipatazo 800, zilifungwa. St Albans ilisalimu amri Desemba 1539.

Je, mkulima alikombolewa? Hapana. Sehemu kubwa ya ardhi iliuzwa kwa makabaila wadogo, maofisa wa mfalme na matajiri wa mijini. Karl Marx, katika kitabu chake cha Mtaji cha mwaka 1867, aliuhesabu unyang'anyi huu miongoni mwa misingi ya kuzaliwa kwa ubepari. Mkulima alibadilishiwa bwana, na bwana mpya hakuwa na hata desturi ya kumpa maskini chakula mlangoni.

HITIMISHO

Historia hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza, kikundi kinaweza kumiliki mali kwa pamoja, kikala pamoja na kusema lugha ya udugu, huku kikiishi kwa jasho la wengine. Kipimo cha usawa ni uhusiano wa watu katika kuzalisha mali. Maneno yaliyoandikwa katika kanuni hayatoshi. La pili, kuondolewa kwa mnyonyaji mmoja si mwisho wa unyonyaji, ikiwa wanyonge wenyewe hawakuipata ardhi wala madaraka.

Mwaka 1553 wakazi wa St Albans walilinunua kanisa la monasteri kwa pauni 400, likawa kanisa lao. Mashamba yalikuwa yamekwisha kwenda kwa wengine.