375,000: Namba Moja, Hesabu Mbili



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alitujia mwenzetu mwenye duka dogo hapa Al Ras, karibu na soko la viungo. Mkononi alishika mfuko wa plastiki uliojaa risiti, na juu yake barua ya faini ya dirham 10,000 kwa kuchelewa kujiandikisha kulipa kodi ya makampuni. "Maalim," alituuliza, "kosa langu nini? Faida yangu haifiki laki moja, na kila mtu husema chini ya 375,000 hakuna kodi."

Swali hilo ndilo lililotushikisha kalamu, maana wengi wetu tumechanganya mambo mawili yenye namba moja.

Mtaa wetu wenyewe ulikuzwa na habari za kodi. Mwanzoni mwa karne ya 20, ushuru ulipopanda katika bandari ya Lingah, Uajemi, mtawala wa Dubai, Sheikh Maktoum bin Hasher, aliufuta ushuru wa bandari yake, na wafanyabiashara wakahamia ukingoni mwa hori hili. Kwa miaka mingi baadaye mwenye duka hapa alihesabu pango, leseni na ushuru wa forodha tu. Mazoea hayo yamekwisha, nasi tumechelewa kuamka.

Hesabu ya kwanza ni ya mauzo. Tangu tarehe 1 Januari 2018 ipo kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 5. Aliyeuza kwa zaidi ya dirham 375,000 katika miezi 12 analazimika kujiandikisha, hata kama faida yake ni kiduchu. Kwa siku ni kama dirham 1,030 tu. Mzigo unaosafirishwa Dar es Salaam au Mombasa hutozwa asilimia 0, lakini nao huingia katika hesabu hiyo. Na mfanyabiashara aliyejiandikisha asipokuwa na karatasi za kuthibitisha kwamba mzigo umetoka nchini, atadaiwa asilimia 5. Kwa mzigo wa dirham 100,000 hiyo ni dirham 5,000, na pengine ndiyo faida yote.

Hesabu ya pili ni ya faida. Kodi ya makampuni ilianza kwa miaka ya hesabu iliyofunguliwa kuanzia tarehe 1 Juni 2023. Faida isiyozidi dirham 375,000 hutozwa asilimia 0, na inayozidi hapo asilimia 9. Lakini asilimia 0 si ruhusa ya kukaa kimya. Kampuni hujiandikisha, na hupeleka hesabu zake ndani ya miezi 9 baada ya mwaka wake wa hesabu kwisha. Mtu binafsi mwenye biashara kwa jina lake huanza kulazimika pale mauzo yake yanapozidi dirham milioni 1 katika mwaka. Upo pia unafuu kwa biashara ndogo zenye mapato yasiyozidi milioni 3, uliowekwa kwa vipindi vinavyokwisha kabla au ifikapo tarehe 31 Desemba 2026. Unafuu huo hauji wenyewe; huombwa katika fomu ya hesabu.

Kuhusu pango, nyumba ya kuishi haitozwi kodi ya ongezeko la thamani, bali hulipiwa ada ya manispaa ya asilimia 5 ya pango, ndani ya bili ya umeme na maji. Pango la duka hutozwa, na mpangaji asiyejiandikisha hawezi kuirudisha. Mwenye nyumba akitaka kupandisha pango, anapaswa kutoa taarifa siku 90 kabla ya mkataba kwisha, na Amri namba 43 ya mwaka 2013 imeweka mipaka ya nyongeza.

Wenye nyumba za kupangisha Kenya nao wawe macho. Tangu Januari 2024 kodi ya mapato ya pango imeshuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5, lakini kiwango hicho ni cha mkaazi. Asiyehesabiwa kuwa mkaazi hukatwa asilimia 30. Anayeishi huku na aulize yeye ni nani kwa sheria kabla ya kujenga ghorofa ya pili.

Na wanunuzi wetu wana yao. Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa malalamiko ya kodi, na Juni 2024 yakafungwa tena. Kariakoo ikifunga, Al Ras hupiga miayo.

Turudi kwa mwenzetu. Tulikaa naye siku tatu tukipanga risiti sakafuni. Faida haikufika laki moja, kama alivyosema. Lakini mauzo ya mwaka yalikwisha kupita 375,000, naye hakujua. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kumbe faini ya pili ilikuwa njiani."

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, ni ya kuandikiana deni. Basi tuandike mauzo kila jioni, tutunze karatasi kwa miaka 7, na tuulize mapema. Asiyeweza kuandika na amwite mwanawe anayesoma. Nasi tupo msikitini kila baada ya Isha.

Wabillahi tawfiq.