Je, Wajua? Nge Humfuata Mende

Ukimkuta nge nyuma ya ndoo bafuni, wazo la kwanza ni kutafuta kandambili. Ukishamaliza naye, jiulize: alifuata nini humu ndani? Mara nyingi ni mojawapo ya mambo matatu, chakula, maji au giza, na yote huyakuta tumeshamwandalia.

Je, wajua kwamba nge ni ndugu wa kupe?
Mhesabie miguu: ni minane. Hiyo humtoa kwenye ukoo wa mende na siafu na kumweka pamoja na buibui, kupe na papasi. Nge wamekuwepo duniani kwa zaidi ya miaka milioni 400, na spishi zinazojulikana zimepita 2,500. Anaweza kuwa na macho hadi 12, lakini haoni vizuri. Hutegemea miguu na vinyweleo vyake kuhisi mtikisiko wa windo linalopita.

Je, wajua kwamba taa ya barazani inaweza kumleta mlangoni?
Taa yenyewe haimvutii. Inavuta kumbikumbi, panzi na nyenje, naye anafuata kitoweo. Taa ya rangi ya njano huvuta wadudu wachache kuliko nyeupe. Ndani ya nyumba kitoweo chake ni mende, kwa hiyo makombo yasiyofagiwa jikoni hulisha mende, na mende humlisha nge.

Je, wajua kwamba nge anaweza kukaa miezi mingi bila kula?
Mwili wake hutumia nguvu kidogo mno, na baadhi wamevumilia njaa hadi mwaka mzima. Hata dawa ya kupulizia humsumbua kidogo: mchana amejichimbia ufani, na gamba lake gumu lenye nta hupunguza dawa inayopenya. Faida kubwa ya dawa hiyo ni kuua mende, yaani chakula chake.

Je, wajua kwamba ufa mwembamba kama ukingo wa sarafu humtosha nge mdogo?
Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wakimfikiria nge, lakini ushauri wao unafaa hapa pia. Ziba nyufa kwa saruji, funga mpira chini ya mlango, weka wavu kwenye tundu la maji machafu, rekebisha bomba linalovuja. Nje, kuni, matofali na mabati chakavu yasiegemee ukuta. Yapange mbali na nyumba, juu ya vichanja, na ukienda kuchukua kuni usiingize mkono usipopaona.

Je, wajua kwamba nge hung'aa gizani?
Mmulike kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti bandia, naye atawaka rangi ya kijani-buluu. Hata nge aliyehifadhiwa makumbusho kwa miaka mingi bado hung'aa. Asiyeng'aa vizuri ni aliyejivua gamba karibuni, mpaka gamba jipya likomae. Giza likishaingia, vaa gambuti, chukua koleo refu, uzunguke ukuta wa nyumba. Pale utakapowaona wengi, rudi mchana utafute ufa.

Je, wajua kwamba kioo humshinda?
Ukuta wa udongo au wa tofali huupanda bila shida, lakini kwenye kioo kisafi miguu yake huteleza. Ndiyo maana sehemu nyingine watu husimamisha miguu ya kitanda ndani ya chupa za kioo zenye mdomo mpana. Hapa kwetu, chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro huzuia mbu, na nge pia.

Je, wajua kwamba kuku ni askari wa bure?
Kuku wanaozurura uani hupekua takataka na kudonoa nge pamoja na wadudu anaowawinda. Nyani humkamata, akamng'oa mwiba, kisha akamla. Katika jangwa la Arizona, Marekani, kuna panya anayewala nge hata wakimuuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba sumu ya nge wa huko, badala ya kumuumiza, huzima maumivu mwilini mwake.

Je, wajua kwamba nge hatagi mayai?
Jike huzaa watoto hai, nao hupanda mgongoni mwake mpaka wajivue gamba la kwanza. Ukimwona nge mwenye mgongo mweupe unaotikisika, jua pigo moja la kandambili linaweza kuwatawanya sakafuni.

Je, wajua kwamba nge wa kuogopwa zaidi si yule mwenye magando makubwa?
Kwa kawaida, mwenye magando manene na mkia mwembamba huwinda kwa nguvu za magando. Mwenye magando membamba na mkia mnene hutegemea sumu. Kundi hili la pili ndilo lenye Parabuthus, wanaopatikana maeneo makavu ya Kenya na Tanzania. Hata hivyo, usimkaribie yeyote ili kumpima mkia.

Je, wajua kwamba mvua inaweza kuwahamisha kwa mkupuo?
Novemba 2021, mvua kubwa isiyo ya kawaida ilinyesha Aswan, kusini mwa Misri. Maji yaliwafukuza nge mashimoni, wakaingia majumbani, na watu wapatao 500 wakatibiwa baada ya kuumwa.

Je, wajua kwamba jiwe jeusi linalobandikwa palipoumwa haliondoi sumu?
Wala kuchanja kwa wembe, kufyonza au kufunga kamba hakusaidii. Osha kwa maji na sabuni, vua pete na bangili, weka kitu cha baridi, kisha nenda kituo cha afya. Mtoto asisubiriwe hata kidogo, na vivyo hivyo yeyote anayetokwa na mate mengi au jasho, anayehema kwa shida, au anayezungusha macho ovyo.

Je, wajua viatu vyako vililala wapi jana?
Kama vililala barazani, vikung'ute kabla ya kuvivaa. Usiku kucha vimekuwa chumba chenye giza, kimya na mlango wazi.